Mbwa wa posho na mukene: vitamini gani anahitaji kweli, na zipi ni kuchoma hela

Swali linalokuja sana ni hili, "mbwa wangu manyoya yanatoka, amekonda, nimpe vitamini gani?" na ukimuuliza mwenye mbwa anampa chakula gani jibu karibu ni lile lile, posho (ugali wa mahindi) na supu ya mukene (dagaa), wikiendi mifupa ya nguruwe kutoka joint ya nyama choma. Sasa hapo ssebo hata ukimwaga chupa nzima ya siropu bado hujafanya kitu, kwa sababu kinachokosekana sio vitamini moja, ni nusu ya sahani. Kwa hiyo tuanze na sahani, madukani tutafika baadaye.

Lakini hata kabla ya sahani, mwinue mbwa mdomo wa juu uangalie fizi. Ziwe na rangi ya pinki, ukibonyeza kwa kidole zinakuwa nyeupe halafu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Zikiwa nyeupe muda wote huyo hana damu, na kwetu huku Uganda sababu kubwa ni minyoo ya safura au kupe. Kupe wanaleta babesia na erlikia, na hayo magonjwa siropu ya kuongeza damu haiyagusi kabisa, yanataka daktari wa mifugo achukue tone la damu aangalie kwa darubini ndio ampe dawa yake. Watu wanamnywesha mbwa siropu ya chuma mpaka anakufa, na wanasema vitamini ilikuwa feki. Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki mbili, unarudia kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu hivi, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, mkubwa kila baada ya miezi mitatu. Ukishamaliza hapo utashangaa wangapi wananenepa bila vitamini yoyote.

Haya, sahani. Posho inashibisha lakini kalsiamu yake ni kidogo sana, mafuta kidogo, protini yake haitoshi, na ina kitu kinaitwa faiteti ambacho kinashika zinki tumboni isiingie mwilini. Ndio maana mbwa wa posho tupu unamwona ana magamba magumu kuzunguka macho na mdomo, viwiko vimekauka, nyayo zimepasuka, watu wanasema ni fangasi wanampaka oili chafu ya gari (tafadhali acheni hiyo, analamba inaingia tumboni). Mara nyingine ni zinki tu, na dawa yake ya kwanza ni nyama. Sio steki, chukua utumbo, mapafu, nyama ya kichwa, chochote buchani wanachouza bei ya chini, pika, changanya kipimo kimoja cha nyama au samaki kwa viwili vya posho au wali au viazi, weka na dodo (mchicha) au sukuma kidogo iliyoiva. Vitunguu hapana, vitunguu saumu pia hapana, hata vile vya kwenye mchuzi uliobaki, vinaharibu damu ya mbwa. Vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha usimpe kwa kukisia, zinki ikizidi nayo inavunja damu, acha veti (daktari wa mifugo) apime uzito aseme.

Mukene ni mali. Kale kasamaki mbwa anakala kazima na mifupa yake kwa hiyo kalsiamu inaingia, protini inaingia, na mafuta ya omega 3 yale yale watu wanayanunua kwenye kapsuli. Shida ni mchanga. Mukene wa kulishia kuku unaanikwa chini ufukweni, ukiuosha maji ya kwanza yanatoka kama uji, sasa huo mbwa akila kila siku anajaza tumbo mchanga. Nunua ule wa watu, au osha mara kadhaa mpaka mchanga usibaki chini ya beseni, ukiwa wa chumvi loweka kwanza umwage maji, halafu chemsha. Usimpe mbichi, kuna samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na moto ndio unakiua. Yai pia lipike, ute mbichi ukiliwa kila siku unashika vitamini inayoitwa biotini isiingie mwilini.

Kama hakuna mukene wala chakula cha kiwandani, kalsiamu utaipata kwenye maganda ya mayai, na hii ni bure kabisa, hata mtu wa rolex (chapati na mayai) pale kona atakupa mfuko mzima. Osha, chemsha dakika kumi, yaanike au yakaushe kwenye sufuria juu ya sigiri mpaka yavunjike kwa vidole, kisha twanga kwenye kinu uchekeche, unga uwe laini kabisa usiwe na vipande vya kukwaruza koo. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5 na kinatoa karibu gramu 2 za kalsiamu. Mbwa mzima wa kilo 20 nusu kijiko au zaidi kidogo kwa siku inamtosha, wa kilo 10 robo kijiko, unanyunyiza kwenye chakula chenye nyama. Akiwa anakula mukene mzima kila siku punguza au acha, maana kalsiamu ikizidi nayo inazuia zinki na unarudi kule kule kwenye magamba. Mifupa iliyopikwa ya kuku na nguruwe isiwe ndio kalsiamu yako, inavunjika vipande vikali inatoboa utumbo.

Sasa nyie wenye mbwa wa mbegu kubwa, Jamani shepadi (German Shepherd), na Rotwaila, na Bobulu (Boerboel), nisikilizeni vizuri hapa. Kuna hii tabia ya kumnywesha mtoto siropu ya kalsiamu ili masikio yasimame. Masikio yanasimama yenyewe, na wakati anabadilisha meno, miezi minne mpaka sita hivi, yanaweza kusimama leo kesho yakalala, ni kawaida. Mtoto wa mbwa mkubwa chini ya miezi sita mwili wake haujui kukataa vizuri kalsiamu iliyozidi, inaingia nyingi, na mifupa inakua vibaya, miguu ya mbele inapinda, anachechemea. Halafu mwenye mbwa akiona miguu imepinda anafikiri kalsiamu haitoshi anaongeza. Huyo mtoto mpe chakula cha kiwandani cha watoto wa mbwa wakubwa, kile mfuko wake umeandikwa ni chakula kamili, na usiongeze kitu. Na hata mkubwa ni hivyo hivyo, kama chakula ni kamili, vitamini zimeshapimwa mule ndani, kuongeza juu ni kuharibu.

Maana vitamini nazo zinaua, hii watu hawaamini. A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta, hazitoki kirahisi na mkojo. Januari 2019 kampuni ya Hill's ya Marekani ilirudisha chakula cha mbwa cha makopo kutoka sokoni kwa sababu mchanganyiko wa vitamini kutoka kwa msambazaji ulikuwa na D nyingi kupita kiasi, mbwa wakatapika, wakanywa maji sana, wakakojoa sana, figo zikaharibika. Hao ni kiwanda wana mizani na maabara, sasa wewe na kijiko chako jikoni. Kwa hiyo maini ni mazuri lakini kidogo, kwa mbwa wa kilo 20 kipande cha ukubwa wa kiberiti mara mbili kwa wiki kinatosha, yana vitamini A nyingi. Na kod liva oili (cod liver oil, mafuta ya ini la samaki) sio sawa na mafuta ya samaki ya kawaida, ile ya ini ina A na D, ukiweka pamoja na maini na multivitamini umeshampa A mara tatu bila kujua.

Vitu vya kuacha dukani: vitamini C, ini la mbwa linatengeneza yenyewe. Vitamini za kuku za kuchanganya na maji, kipimo chake ni cha kuku. Chumvi ya kulamba ya ng'ombe, madini yake yamepimwa kwa ng'ombe. Vidonge vya chuma vya mama mjamzito kutoka kliniki, mbwa akila pakiti ni kumkimbiza hospitali. Na zile vitamini tamu za watoto za kutafuna, angalia lebo, ukiona xylitol au E967 zirudishe, hicho kiongeza utamu kinashusha sukari ya damu ya mbwa haraka sana na kinaweza kuua ini.

Mafuta ya manyoya usinunue ghali, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti juu ya chakula kila siku kwa mbwa wa kilo 20, anza na nusu maana akiharisha umezidisha. Subiri wiki sita mpaka nane, manyoya hayaoti kwa siku tatu. Glukosamini (kirutubisho cha viungo) kwa mbwa mzee anayeamka kwa shida unaweza kujaribu muda huo huo, wengine inawasaidia wengine hapana, ila kumpunguza uzito kunasaidia kuliko kapsuli zote, na hiyo hakuna duka litakuambia.

Ukifika Container Village pale Kampala au duka lolote la dawa za mifugo, chukua bidhaa yenye picha ya mbwa na kipimo kwa kilo, sio "mifugo yote". Angalia tarehe ya kuisha, kataa ya kupimiwa kutoka kopo lililofunguliwa, kataa na iliyokaa dirishani juani maana joto linaua vitamini. Nunua moja tu, usichanganye mbili, maana nyingi zina A na D ndani.

Na mahindi yenye ukungu jamani, ule unga uliooza mnaosema "huo wa mbwa", una sumu ya aflatoksini inayoua ini la mbwa, hakuna multivitamini ya kuirekebisha, mwageni.

Mbwa akiwa ameacha kula siku mbili, fizi nyeupe au njano, mkojo rangi ya kahawa, usipite dukani, nenda kwa veti moja kwa moja. Piga picha ya kila chupa na kila mfuko anaolishwa umwonyeshe, na umwambie ukweli mbwa anakula nini, hata kama ni posho tupu, hakucheki.