Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu Uganda: jinsi ya kuombea kikundi, na kwa nini muanzie benki

Tangu kikundi chetu kipate ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, simu haziishi. Wanapiga wenzetu wa Tororo, wa Bugiri, hata wa Arua, na swali la kwanza ni lile lile: fomu inapatikana wapi? Inapatikana kwa afisa wa maendeleo ya jamii, yule CDO wa gombolola (kaunti ndogo), au wa divisheni ikiwa mnakaa mjini kama sisi hapa Busia. Haiuzwi.

Fomu mtaijaza jioni moja. Kinachowaangusha watu wetu ni majina na akaunti ya benki, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi. Mengine nitayapitia haraka.

Mnaomba pesa gani?

Mtaani pesa zote za serikali zinaitwa pesa ya Museveni, na kuzichanganya kumewaingiza watu kwenye madeni wasiyoyatarajia. Hii ninayoieleza inatoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kikundi kinaweza kupewa hadi shilingi 5,000,000, na hairudishwi. Ni ruzuku.

PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, si ruzuku. Ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, kila parishi ikatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mtu mmoja hupata hadi milioni moja kupitia Sacco ya parishi. Hiyo unairudisha na riba ya asilimia 6 kwa mwaka ili mwenzako naye akope. Asilimia 10 ya pesa hizo imetengwa kwa ajili yetu, basi iombeni pia, lakini mlango wake ni chifu wa parishi, kikundi cha biashara na akaunti ya simu ya Wendi. Ile ya akina mama, UWEP, nayo ni mkopo: usipoirudisha ndani ya miezi 12 unaongezewa asilimia 5. Wazee wa miaka 60 hadi 79 wana ruzuku yao ya vikundi, na waliofika 80 wana shilingi 25,000 kila mwezi za SAGE, posho ya serikali kwa wazee. Kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi yoyote, muulizeni afisa mbele ya wanachama wote: hii inarudishwa au hairudishwi?

Kikundi chenyewe

Muwe watu watano au zaidi, wenye ulemavu. Mzazi au mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa anaruhusiwa kuwa mwanachama, na kwa kweli ni vyema awemo, maana mama anayembeba mtoto wa miaka kumi mgongoni hana nafasi ya kwenda kutafuta kibarua.

Wapo watu wasio na ulemavu wanaokuja na kikundi tayari, katiba imeshachapishwa, wanachotafuta ni majina yenu tu. Wanawaweka wawili wenye magongo mstari wa mbele kwa ajili ya picha, na pesa ikiingia hamwaoni tena. Mkatalieni mtu huyo hata kama ni jamaa yenu. CDO hufika kukagua, akawaita wanachama mmoja mmoja na kuwauliza mradi ni wa nini, nani ni mweka hazina, mlikutana lini mara ya mwisho. Kikundi cha kuazima majina hakijibu maswali hayo sawasawa, na jina lako likishaandikwa humo, kuingia kwenye kikundi cha kweli baadaye ni shida.

Majina

Kusanyeni vitambulisho vya taifa vya wanachama wote siku moja, mviweke mezani, kisha mtu mwenye macho mazuri asome kila herufi kwa sauti huku mwingine akiandika. Fatuma wa kwenye kitambulisho anaweza kuwa Fatumah kwenye laini ya simu na Fatima kwenye barua ya LC, yaani serikali ya mtaa. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mfumo wa benki haujui. Basi kila karatasi mnayoandika, kuanzia orodha ya wanachama hadi kumbukumbu za mkutano, ifuate kitambulisho, hata kama kitambulisho chenyewe kimeandika jina vibaya. Mkitaka kulirekebisha NIRA, ofisi ya vitambulisho, fanyeni hivyo kabla ya kuanza au baada ya kumaliza, kamwe si katikati.

NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu na herufi 14 zilizochanganyika, na hapo herufi O na sifuri hubadilishana nafasi bila mtu kuona. Ya mwanamke huanza na CF, ya mwanamume CM. Mkiona CM mbele ya jina la Hajati, kuna kosa. Tazameni pia tarehe ya kuisha. Vitambulisho vya mwanzo vilianza kuandikishwa 2014 na vilipewa miaka 10, na zoezi la kuvifanya upya lilianza Mei 2025. NIN haibadiliki kadi ikifanywa upya, kwa hiyo msiogope, ila aliyekuwa hajaenda aende.

Cheti

Hapa si pagumu. Mnafanya mkutano, mnaandika kumbukumbu, mnachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mnatunga katiba fupi, mwenyekiti wa LC1 anaandika barua ya kuwatambua, CDO anawasajili na kuwapa cheti. Angalieni jambo moja tu: jina la kikundi liwe lile lile neno kwa neno kwenye cheti, katiba, muhuri na barua. Cheti kikisema chama na katiba ikisema kikundi, mtarudishwa.

Gombolola lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, na wilaya ina wawili vilevile. Waoneni mapema. Sio kwa kuomba upendeleo. Wao hujua ratiba ya ofisi na hujua karatasi ipi imebadilika mwaka huu.

Benki

Pesa za wizara haziingii mkononi mwa mtu, zinaingia kwenye akaunti ya kikundi. Akaunti hiyo inahitaji watia sahihi watatu, ambao kwa kawaida ndio wale viongozi.

Mweka hazina wetu haoni. Tulimchagua kwa sababu ni mtu wa hesabu: anauza mkaa miaka mingi, anajua nani anamdai na nani anadaiwa, na noti anaitambua kwa vidole. Tulipofika kwenye benki ya kwanza, kijana wa kaunta alimtazama, akanigeukia mimi, akaniuliza: "Mama, huyu atatia sahihi namna gani?" Mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo. Akamjibu: "Kwa kidole, mwanangu, kama nilivyopata kitambulisho." Kijana aliingia ndani, akatoka na jibu kwamba tumchague mweka hazina mwingine, anayeona.

Tulikataa. Tungekubali, angekuwa amefukuzwa uongozi na benki badala ya wanachama waliompa kura. Lakini kukataa kulitugharimu. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu hapandi bodaboda, kwa hiyo kila safari ya benki ni gari la kukodi, na wakati tunahangaika robo ya mwaka wa bajeti ilipita na vikundi vingine vikapata.

Kilichofungua mlango kwenye benki ya pili ni maandalizi, na ndiyo ninayotaka muyachukue. Tulirudi kwenye mkutano tukaandika azimio lenye maneno kamili: jina la benki na tawi lake, majina matatu ya watia sahihi na NIN zao, na kwamba mweka hazina atatumia alama ya kidole gumba cha kulia, akisomewa kila karatasi kwa sauti mbele ya katibu kabla ya kuweka kidole. Wanachama wote wakasaini au wakaweka kidole. CDO akatuandikia barua ya kututambulisha iliyotaja jambo hilo hilo. Diwani wetu akaja nasi. Hatukusimama kaunta, tuliomba kumwona meneja moja kwa moja, na tulikuwa tayari kumwambia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu kwenye huduma kwa sababu ya ulemavu wake. Haikufika huko. Alisoma azimio, akauliza maswali machache, akaita mtu wa kupiga picha na kuchukua alama za vidole.

Ikiwa benki yenu itakataa, ombeni sababu kwa maandishi, yenye jina la afisa na tarehe. Mara nyingi anayekataa kwa mdomo hayuko tayari kukataa kwa karatasi.

Kuna wenye mikono inayotetemeka, au waliopooza upande, ambao wanaweza kuandika jina lakini haliwi sawa mara mbili. Hao nawasihi wachague kidole tangu siku ya kufungua akaunti. Najua inauma, hasa kwa mtu aliyesoma. Lakini siku ya kutoa pesa sahihi isipofanana na ile ya kwanza, benki itazuia, na fundi anayewasubiri hatangoja. Wenzetu viziwi waende na mkalimani wao. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa viziwi, lakini kaunta ya benki ya mji mdogo haina mtu wa kuizungumza, na afisa akikosa kuelewana na mtia sahihi anaahirisha.

Kabla ya hayo yote, mtumeni mtu akaangalie ngazi. Tawi lililo ghorofani bila njia ya magurudumu ni tawi ambalo mwenyekiti wenu hataingia. Na ulizeni makato ya kila mwezi. Benki nyingine zina akaunti za vikundi zisizokatwa, ila hawakwambii mpaka uulize.

Maombi na mradi

Andikeni mradi ambao wanachama wenyewe wataufanya kwa miili yao ilivyo. Sisi tuliomba viti vya plastiki na hema la kukodisha, kwa kuwa aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuandika oda, asiyeona anapokea pesa, na vijana wa kubeba wanalipwa kwa siku. Shamba la ekari tatu mbali na barabara lingekuwa zuri kwenye karatasi tu. Bei zichukueni dukani kwa maandishi yenye muhuri, maduka mawili au matatu tofauti, na hesabu isizidi kiwango. Wekeni usafiri ndani ya bajeti. Wengi huusahau, kisha mali inakwama stoo ya muuzaji.

Mkiwasilisha, toeni nakala mbili na mrudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Anayewasilisha mapema hukaguliwa mapema, na anayeleta Mei huwa anagojea mwaka mwingine. Kutoka gombolola karatasi hupanda wilayani, kisha wizarani. Ulizieni kwa upole na kwa kawaida, kila mara mkitaja tarehe iliyo kwenye muhuri wenu.

Na wakati mnangoja, akaunti isilale. Akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu benki huisimamisha, na pesa ya wizara ikija inaweza kurudi ilikotoka. Wekeni kitu kidogo kila mwezi, hata michango ya wanachama, na mtunze karatasi za kuwekea. Zitawasaidia pia siku ya ukaguzi kuonyesha kwamba kikundi kina uhai.

Pesa ikiingia

Hapo watatokea watu wa asilimia. Mmoja atasema ndiye aliyesukuma faili lenu, mwingine atasema bosi anangoja soda. Pesa hii haina gawio la mtu yeyote nje ya kikundi, na haina gawio la mwanachama pia: ni ya mradi. Jibuni kwamba kila shilingi itatolewa kwa risiti na mwombeni aandike yake. Akizidi kusumbua, mpelekeeni habari RDC, mwakilishi wa rais wilayani, au ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, mkiwa na tarehe na maneno aliyosema. Nendeni watatu, si mtu mmoja.

Toeni pesa kwa kiasi cha manunuzi ya siku hiyo, mkalipe muuzaji moja kwa moja, na risiti iandikwe jina la kikundi, si la katibu. Pigeni picha mali ikishushwa, wanachama wakiwa wamesimama nayo. Wekeni daftari moja la mali na moja la pesa, na lile la pesa lisomwe kwa sauti kila mkutano ili wasioona nao wasikie salio. CDO atakuja kukagua bila kutoa taarifa, basi daftari zikae mahali ambapo mtu zaidi ya mmoja anaweza kuzitoa.