Kuwinda asteroidi: anza na saa

Kabla hujagusa darubini, rekebisha saa. Usiku wangu wa kwanza nilipata picha safi kabisa, kumbe saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa sekunde 4. Kazi yote ikawa bure. Asteroidi, yaani jiwe linalozunguka Jua, ikipita karibu na Dunia haikungoji. Siku hizi nachukua saa kutoka satelaiti za GPS.

Chagua shabaha kwenye orodha ya Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi kutoka dunia nzima. Piga picha nyingi fupi za eneo lile lile, si moja ndefu, maana kwenye ndefu asteroidi hugeuka mstari. Kisha zipitishe harakaharaka kwenye skrini. Nyota zimetulia tuli; kidoa kimoja hafifu kinaruka, kinaruka tena, kila mara upande ule ule. Ndicho hicho. (Kidoa cha picha moja tu huenda ni mionzi ya angani imegonga kamera, usishangilie.) Pima mahali pake kwa nyota za katalogi ya Gaia (orodha ya mahali pa nyota iliyopimwa na chombo cha anga cha jina hilo), andika saa ya katikati ya picha, tuma Minor Planet Center.

Asteroidi hupimwa pia kwa rada, ila hiyo si kazi ya uani. Antena ya Goldstone kule California, kipenyo mita 70, imetumika miaka mingi kurusha mawimbi ya redio na kusubiri mwangwi: kitu kilicho kilomita milioni 3 hujibu baada ya sekunde 20 hivi. Muda huo hutoa umbali. Badiliko la masafa ya mawimbi hutoa kasi. Ila antena lazima ijue ielekee wapi, na hapo ndipo vidoa vyetu huhitajika.