Jinsi ya kulisha bakteria wa tumboni kwa vyakula vya nyumbani, kinga ya mwili ipate kutulia

Watu wengi wanaonifuata wanataka kitu cha "kupandisha kinga", na wengine wanakuja wameshanunua unga wa kwenye kopo kwa hela ambayo ingelisha nyumba wiki nzima. Mimi ni mtu wa lishe na huwa naanzia jikoni. Ila kabla ya hatua zenyewe naomba usome huu utangulizi, maana usipoelewa kinachoendelea tumboni utaacha siku ya tatu gesi ikianza.

Ukila ugali wa sembe na nyama, karibu vyote vinasagwa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, huko chini hakifiki cha maana. Nyuzinyuzi (zile sehemu ngumu za mimea, kama pumba za nafaka) ni tofauti, mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, kwaiyo zinashuka nzima mpaka utumbo mpana ambako wanaishi bakteria wengi mno (makadirio ya 2016 yanasema kama trilioni 38 kwa mtu mzima) na wao ndo wanazichachusha. Zile ambazo bakteria wazuri wanazila na mwili ukafaidika ndo tunaita prebiotiki, jina lililotolewa na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid mwaka 1995. Usichanganye na probiotiki, hao ni bakteria wenyewe walio hai, kama wa kwenye mtindi.

Wakichachusha wanatoa asidi tatu ndogo: asetati, propionati na butirati. Hiyo butirati ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, ukuta ukishiba unashikana, vijidudu havipenyi ovyo. Alafu tafiti za panya za 2013 zilionyesha butirati inasaidia kuzaliwa kwa seli za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao wasipigane na kila kitu. Ndo maana silipendi hilo neno kupandisha. Kinga ambayo iko juu muda wote ndo ile inflamesheni (uvimbe na moto wa ndani unaoletwa na kinga) ya chini chini inayoandamana na kisukari na magonjwa ya moyo, tunachotaka ni kinga inayojua lini ipige na lini ikae. Na ukiwanyima chakula hao bakteria hawakai njaa, kwenye panya ilionekana mwaka 2016 wanageukia kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo.

Kwetu hapa Tanzania kuna utafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na chuo cha Radboud cha Uholanzi uliotoka 2025, wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili wakahamishiwa cha kizungu kwa wiki mbili tu, soseji, mkate mweupe na jemu, chipsi, na wa mjini wakapewa cha asili, ndizi, maharage, magimbi, ulezi, bamia. Wale wa soseji viashiria vya inflamesheni kwenye damu vilipanda na seli zao za kinga zikawa zinajibu kwa unyonge zikikutanishwa na vimelea, wale wa chakula cha asili inflamesheni ikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadae. Ni kweli kilichobadilika ni chakula chote sio nyuzinyuzi peke yake, lakini wiki mbili jamani! Haya tuingie kwenye kazi.

Hatua ya 1: Andika unachokula siku tatu
Usibadili kitu, andika tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Kikombe cha maharage yaliyoiva kinakupa kama 11 mpaka 13, mkate mweupe na chai karibu na bure. Utaona mwenyewe uko wapi.

Hatua ya 2: Anza na maharage, kidogo
Hapa ndo pa kutulia. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, zote zina sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi ambazo sisi hatuzisagi ila bifidobakteria (kundi mojawapo la bakteria wazuri) wanazipenda sana, na ndo hizo hizo zinazoleta gesi. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, chemsha mpaka yaive kabisa. Najua ukimwaga maji ya kulowekea unapoteza kiasi cha hiyo prebiotiki, lakini bora upoteze kidogo uweze kula kila siku kuliko ule mara moja tumbo likuvimbe uyachukie. Maharage mekundu yachemke haswa, angalau dakika 10 za moto mkali kabla hujapunguza, yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi. Wiki ya kwanza vijiko vitatu vinne vya kulia kwa siku vinatosha, wiki ya pili ongeza, mpaka ufike nusu kikombe au kikombe bila shida. Bakteria wanaohitajika wanaongezeka taratibu kadri unavyowalisha, na watu wengi gesi inapungua yenyewe.

Hatua ya 3: Hama kutoka sembe
Mashine ya kukoboa inaondoa pumba na kiini, na nyuzinyuzi nyingi ziko huko. Kula dona, au changanya nusu kwa nusu kama watoto wanakataa, au uji wa ulezi asubuhi. Ila dona inataka umakini, chambua mahindi kabla hujapeleka mashine, punje zenye ukungu, zilizovunjika au kubadilika rangi toa kabisa, maana sumukuvu (sumu inayotolewa na ukungu) haiishi kwa kupika na kwenye dona inabaki nyingi kuliko kwenye sembe.

Hatua ya 4: Tumia kiporo vizuri
Wali au viazi vikishapikwa vikapoa kwenye friji usiku mzima, sehemu ya wanga wake inajipanga upya na kuwa wanga sugu, inashuka chini kwa bakteria badala ya kuwa sukari haraka, na hata ukipasha nyingi inabaki. Ndizi mbichi nazo zina wanga huo, zikiiva unageuka sukari. Lakini wali usilale mezani! Uingie friji ndani ya saa moja au mbili, kuna bakteria wa kwenye wali anayetoa sumu isiyokufa ukipasha. Kama huna friji achana na kiporo cha wali, kula ndizi za kupika na magimbi.

Hatua ya 5: Ongeza aina
Kitunguu maji na kitunguu saumu vina inulini (aina ya prebiotiki), kachumbari ni njia rahisi. Bamia, mchicha, matembele, unga mweupe wa ubuyu kwenye uji (sio ule ubuyu wa rangi na sukari). Kila bakteria ana anachokipenda kwaiyo chakula cha aina moja kila siku hakitoshi, makande leo, kiburu (ndizi na maharage) kesho, kisamvu na kunde keshokutwa. Mtindi usio na sukari pembeni ni mzuri pia. Na maji kunywa, nyuzinyuzi zikiongezeka bila maji choo kinakuwa kigumu.

Kina mama wanaonyonyesha, hatua hizi ni zako wewe, sio za mtoto. Maziwa yako yana prebiotiki zake, ni kitu cha tatu kwa wingi baada ya laktosi (sukari ya maziwa) na mafuta ukiacha maji, na mtoto hawezi kuzisaga kabisa, zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake. Mpaka miezi sita usimpe uji wala juisi tafadhali.

Hatua ya 6: Jua nani aonane na daktari kwanza
Mwenye choo cha damu, anayepungua uzito bila sababu, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni au aliyewahi kuziba utumbo asianze mwenyewe. Mgonjwa wa figo aulize kuhusu maharage na ndizi maana potasiamu ni nyingi. Wa kisukari anayetumia dawa au insulini apime sukari mara kwa mara akianza, inaweza kushuka. Mwenye tumbo la kuuma na kujaa kila mara, kitunguu na maharage vinaweza kumtesa, aanze na ndizi na ulezi. Dawa zako na chanjo ziendelee kama kawaida. Na kama umefuata kipimo cha wiki ya kwanza na tumbo bado linauma, rudi nusu ya kiasi, kaa hapo wiki moja ndo upande tena.