Antena na Redio Visipolingana: Namna ya Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa mtumiaji wa redio ya ridhaa mwenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ambaye amefunga dipoli, yaani antena ya waya inayolishwa katikati, ya bendi ya mita 40 kati ya miembe miwili hapa Tabora, na sasa anaona mita ya SWR (uwiano unaoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena) ikipanda hadi 3 kila anaporusha mawimbi. Wengi wakiona hivyo hushika plaizi na kuanza kufupisha waya. Naomba plaizi ikae kando mpaka redio na kebo inayoiunganisha na antena vithibitishwe kuwa vizima, kwa sababu waya uliokwisha kukatwa haurefuki, na kosa mara nyingi haliko kwenye waya.

SWR ya 3 maana yake ni kwamba robo ya nguvu inayofika kwenye antena inarudishwa; kwa SWR ya 2 hurudi takriban asilimia 11, na kwa 1.5 asilimia 4 tu. Kwa hiyo, kuhangaika kuitoa 1.5 na kuifikisha 1 ni kazi isiyo na malipo.

Hatua ya kwanza: redio na mita. Punguza nguvu hadi wati 5 au 10, kisha mahali pa antena funga mzigo bandia wa ohmu 50, yaani kikinza kinachomeza nguvu badala ya antena. Mita ikisoma karibu na 1, endelea. Isiposoma hivyo, kosa liko mezani, na aghalabu ni kile kipande kifupi cha kebo kati ya redio na mita.

Hatua ya pili: kebo. Hapa panastahili kukaa muda mrefu. Ing'oe kebo pande zote mbili, upime kwa multimita kati ya waya wa katikati na wavu wa nje. Ikionyesha mguso, fungua plagi uangalie uzi wa shaba uliopotoka wakati wa kulehemu. Baada ya hapo tafuta maji. Jua la kiangazi chetu hupasua ganda la kebo, na mvua zikianza Novemba maji huingia kwenye kiungo cha juu na kushuka ndani ya wavu. Kebo iliyoloa humeza nguvu inayokwenda na ile inayorudi, hivyo mita huonyesha namba nzuri ilhali hakuna anayekusikia. SWR iliyo nzuri kupita kiasi, tena isiyobadilika kutoka mwanzo wa bendi hadi nje yake kabisa, ni dalili ya ugonjwa.

Ili kuhakikisha, acha ncha ya juu ya kebo wazi na upime ncha ya chini kwa analaiza ya antena (kifaa kinachopima SWR na ukinzani) kwenye megahezi 7.1. Mita 20 za kebo nyembamba ya RG-58 iliyo nzima zinapaswa kuonyesha SWR inayozidi 10, kwa kuwa karibu nguvu yote inarudi. Ikisoma 3, kebo inapoteza desibeli 3 kwa safari moja, yaani nusu ya nguvu, ibadilishe. Kiungo kipya kizungushie tepu ya umeme ukiivuta, na juu yake ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hatua ya tatu: mkondo unaotembea nje ya wavu. Shika kebo au isogeze huku ukitazama mita. SWR ikibadilika, kebo yenyewe imekuwa sehemu ya antena. Ikunje mizunguko 10 hivi yenye kipenyo cha sentimita 20, mara tu chini ya kiungo cha katikati.

Hatua ya nne: waya. Tafuta masafa (namba ya megahezi) ambayo SWR ni ndogo kuliko kwingine kote. Yakiwa chini ya unayoyataka, waya ni mrefu. Yakiwa juu, ni mfupi. Urefu wa kuanzia hupatikana kwa kugawa 143 kwa megahezi, kwa hiyo 7.1 hutoa mita 20.14. Waya wa umeme wa nyumba wenye ganda la plastiki huonekana mrefu kuliko waya mtupu, nami naona hilo ni jema, kwani ziada hukunjwa. Tuseme una mita 20.4 na umekuta masafa hayo ni 6.9: zidisha 20.4 kwa 6.9, gawanya kwa 7.1, upate mita 19.83. Kunja sentimita 28 kila upande, ukiusokota waya juu ya wenyewe, kisha upime tena.

Masafa yakiwa sahihi lakini SWR imegoma kwenye 1.6 au 2, tazama ukinzani kwenye analaiza. Ukiwa karibu na ohmu 80, shusha ncha hadi antena iwe na umbo la V iliyopinduliwa. Ukiwa ohmu 25 hivi, antena iko chini mno au imekaribia bati la nyumba. Ipandishe, mradi usisogee kwenye nyaya za TANESCO.

Tuna ya antena, yaani kifaa cha kulinganisha redio na antena, ije mwisho kabisa, kwa ajili ya kingo za bendi. Huiridhisha redio, lakini upotevu ndani ya kebo hubaki palepale.

Andika vipimo hivyo daftarini. Rudia kupima baada ya mvua za kwanza, radi zikiwa zimeondoka: masafa yakishuka kidogo kwa sababu ya majani yaliyoloa, iache antena ilivyo; lakini SWR ikiwa imekuwa sawa bendi nzima, ishushe kebo uipime upya kama katika hatua ya pili.