Mvinyo wa Mapovu Huanzia Shambani: Ushauri kwa Mkulima wa Zabibu Nyeupe Dodoma

Mkulima wa Chenin Blanc wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora amezoea kuulizwa na mnunuzi jambo moja: sukari imefika ngapi? Kwa mvinyo wa kawaida swali hilo linatosha kuanzia. Kwa mvinyo wa mapovu, ule ambao wengi wetu huuita shampeni hata kama haukutoka mkoa wa Champagne huko Ufaransa, la kwanza kuulizwa ni uchachu: umebaki kiasi gani ndani ya tunda? Nawaandikia wakulima ambao tayari wana zabibu hii nyeupe shambani. Chenin Blanc ndiyo inayotoa mvinyo wa mapovu wa Vouvray, kwenye bonde la mto Loire huko Ufaransa. Ndiyo pia iliyotumika mwaka 1971 kwenye shamba la mvinyo la Simonsig, Stellenbosch, kutengeneza Kaapse Vonkel, mvinyo wa kwanza wa Afrika Kusini kupata mapovu yake ndani ya chupa. Zabibu mnayo. Kazi iliyobaki ni kuilea kwa lengo hilo na kuichuma siku inayofaa.

Ili uelewe kwa nini siku ya kuchuma ina uzito mkubwa, fuata safari ya mchuzi wa zabibu baada ya kukamuliwa. Kwanza unachachushwa kama mvinyo mwingine wowote mpaka sukari iishe. Hapo unapatikana mvinyo mweupe mkavu, mchachu, wenye kilevi cha asilimia 10 au 11. Ukiuonja hatua hiyo unaweza kukunja uso, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kisha unaongezwa sukari kidogo na hamira, unatiwa kwenye chupa nene na kufunikwa. Hamira inakula sukari ile, inatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inayeyuka ndani ya mvinyo. Gramu 4 hivi za sukari katika lita moja huleta mgandamizo wa bar 1. Watengenezaji wa Champagne huweka gramu 24 hivi na kufikia bar 6, karibu mara tatu ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Uchachushaji huo wa pili huongeza pia kilevi, zaidi kidogo ya asilimia moja.

Piga hesabu sasa. Zabibu zikichumwa zikiwa na sukari ya nyuzi 23 au 24 za Brix, kipimo cha sukari kwenye mchuzi, kama wanavyozitaka wengi wanaotengeneza mvinyo wa kawaida, mvinyo wa kwanza tayari una kilevi kikali. Hamira ya mara ya pili inachoka kabla ya kumaliza kazi, uchachu umeshuka, na mvinyo unakuwa mzito mdomoni. Ndiyo maana zabibu za mapovu huchumwa zikiwa na nyuzi 18 hadi 20, asidi ikiwa bado gramu 8 au zaidi kwa lita, na pH, kipimo ambacho kikipanda uchachu umepungua, isiyopanda sana juu ya 3.2.

Kule Champagne, hali ya hewa ndiyo inayolinda uchachu huo. Mkoa uko karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta, na wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 11 tu za Sentigredi. Chardonnay, Pinot Noir na Meunier huiva polepole juu ya udongo wa chaki unaotunza maji chini na kubaki mkavu juu. Sheria zao ni kali. Kuchuma ni kwa mikono peke yake, ili vichala vifike kwenye mashine vikiwa vizima. Kila kilo 4,000 za zabibu haziruhusiwi kutoa zaidi ya lita 2,550 za mchuzi, na zile lita 2,050 za kwanza, zinazotoka kwa kukamua taratibu, ndizo zenye thamani kubwa. Pinot Noir na Meunier ni zabibu nyeusi, lakini mchuzi wake ni mweupe, kwa kuwa rangi imo kwenye ganda. Anayewahi kukamua bila kuponda hapati rangi.

Dodoma haina baridi ya Champagne na haitakuwa nayo. Lakini Afrika Kusini nayo ni nchi ya jua, na watengenezaji wa huko wameshatuonyesha njia. Wanachagua mashamba yanayopata ubaridi wa bahari au wa mwinuko, wanachuma mapema kuliko wenzao wa mvinyo wa kawaida, wanaingia shambani alfajiri, na wanakamua vichala vizima. Mvinyo wao wanauita Cap Classique, nao lazima ukae chupani juu ya mashapo ya hamira miezi 12 au zaidi. Kwa mkulima wetu, somo la Stellenbosch na Robertson, maeneo ya mvinyo ya Afrika Kusini, lina manufaa ya karibu kuliko lile la Ufaransa.

Zaidi ya hapo, sisi tuna kitu ambacho hata wao hawana: mkasi ndio unaopanga msimu. Huko kwao baridi huulaza mzabibu na majira ya kuchipua ndiyo yanayouamsha. Kwetu mzabibu haulali, unaamshwa na kupogolea, na takriban miezi minne baadaye matunda yako tayari. Kwa sababu hiyo tunavuna mara mbili, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kwa mvinyo wa mapovu nashauri bila kusita mavuno ya pili. Pogolea Aprili, mvua zikielekea kuisha, ili matunda yaanze kulainika Julai, wakati usiku wa Dodoma una baridi. Joto huunguza asidi ya maliki, moja ya asidi zinazoleta uchachu, ndani ya tunda usiku na mchana, kwa hiyo usiku wa baridi huibakiza. Hewa kavu ya kiangazi nayo hupunguza ubwiri vinyoya na kuoza kwa vichala. Mavuno ya Machi yaendelee kwenda kwenye mvinyo wa kawaida na zabibu za mezani.

Mavuno ya Agosti yanahitaji maji, na hapa wenye umwagiliaji wa matone wana nafasi nzuri. Usiunyime mzabibu maji mpaka majani yapauke, kwa kuwa tunda lililoteseka humpa mtengenezaji mchuzi ambao hamira inauchachusha kwa shida. Lakini usimwagilie kwa wingi siku chache kabla ya kuvuna kwa ajili ya kuongeza uzito. Kuhusu mbolea, samadi iliyooza vizuri ni salama. Kuwa mwangalifu na potashi: ikizidi kwenye udongo huingia kwenye tunda, hupandisha pH na kuua uchachu unaoutafuta. Pima udongo kwanza.

Majani yanastahili uangalifu wa pekee. Wakulima wengi huondoa majani yote yanayozunguka vichala ili viive haraka na dawa ipenye. Kwa zabibu za mapovu, jua la saa tisa alasiri likipiga kichala moja kwa moja hugeuza ganda kuwa la kahawia na kuupa mchuzi ukakasi ambao mapovu huuzidisha. Kama mistari yako inatoka kaskazini kwenda kusini, punguza majani upande wa mashariki tu, hewa ipite na jua la asubuhi likaushe umande. Upande wa magharibi uache na kivuli chake.

Wiki tatu kabla ya tarehe unayoitarajia, anza kupima. Usichukue kichala kimoja kizuri cha pembeni mwa shamba ukadhani umepima shamba. Tembea mistari ya ndani asubuhi, chuma punje 100 au zaidi kutoka kwenye mashina mbalimbali, pande zote mbili, nyingine juu ya kichala na nyingine kwenye ncha. Ziponde pamoja kwenye mfuko safi, weka matone ya mchuzi kwenye refraktomita, kifaa kidogo cha kupima sukari, na usome. Sukari ikifika 17, pima kila baada ya siku mbili, maana kwenye jua letu inapanda kwa kasi. Asidi inahitaji maabara, na TARI Makutupora ndiyo taasisi ya utafiti wa zabibu iliyo karibu nanyi. Onja pia: punje inayofaa hujaza mate pembeni mwa ulimi lakini haina ladha ya majani mabichi, na kokwa zake zimeanza kuacha ukijani.

Kuna jambo moja ambalo ni rahisi kupita bila kuonekana. Ukiwahisha mavuno kwa wiki mbili, siku ya mwisho ya kupiga dawa nayo inawahi kwa wiki mbili. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kisha hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe mpya. Salfa ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mabaki yake yakiingia kwenye uchachushaji hutoa harufu ya mayai viza, na ndani ya chupa iliyofungwa harufu hiyo haina pa kwenda.

Siku ya kuvuna, anzeni kukipambazuka na mmalize kabla jua halijakaza. Tumieni kreti zisizo na kina kirefu, si viroba wala ndoo zilizoshindiliwa. Kichala chenye ukungu kikatwe na kutupwa palepale, kwa sababu kuoza huharibu uwezo wa mvinyo kushika mapovu. Zabibu zikamuliwe siku ileile.

Mkulima anayejua madaraja ya sokoni huzungumza vizuri zaidi na mnunuzi. Kwa taratibu za Ulaya, mvinyo wa mapovu kamili huwa na angalau bar 3, na ule wa mapovu hafifu huwa kati ya bar 1 na 2.5. Zipo njia tatu kuu za kuuandaa. Ya chupa ni ya Champagne, Cava ya Hispania na Cap Classique. Ya tangi lenye mgandamizo ndiyo ya Prosecco ya Italia, huchukua muda mfupi na kutunza harufu ya tunda. Ya tatu ni kuingiza hewa ya ukaa kama kwenye soda, na ndiyo ya bei ya chini. Utamu huandikwa kwenye lebo: Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Demi-Sec ina gramu 32 hadi 50. Jina Champagne ni la mkoa ule peke yake, kwa hiyo msiliweke kwenye chupa yenu.

Kwa vikundi vinavyosindika mvinyo nyumbani naomba sana: msifunge mchuzi unaoendelea kuchachuka kwenye chupa za kawaida ili kupata mapovu. Chupa hizo hazikutengenezwa kuhimili mgandamizo huo. Zinapasuka, na vigae vinaruka usoni. Kama hamna chupa nene na mizani ya kupima sukari kwa gramu, uzeni zabibu au mchuzi kwa mwenye vifaa.

Na bei ipangwe mapema. Mnunuzi anayelipa kwa kiwango cha sukari atawapunja bila hata kukusudia mkimletea zabibu za nyuzi 19. Mkataba utaje sukari ya chini na ya juu, asidi inayotakiwa, bei ya kilo kwa zabibu za mapovu, nani anapima na mbele ya nani, na muda wa kulipwa. Uandikwe Machi, kabla ya kupogolea, kwa sababu mkisubiri hadi Agosti zabibu zitakuwa zinaiva huku mnajadiliana, na siku tano za majadiliano zinatosha kuzitoa kwenye daraja hilo.