Ukikutana na "get", tazama neno linalofuata
Usikimbilie kamusi, angalia kwanza kinachofuata baada ya neno la Kiingereza "get". Kikiwa jina la kitu, maana ni kupata au kupokea: "get a letter", na kwenye barua rasmi weka "receive". Kikiwa kivumishi, kuna mabadiliko ya hali: "get tired" ni kuchoka, na "become" hukaa hapo vizuri. Kikiwa mahali, ni kufika: "get home". Kwenye "get paid", ni kulipwa tu. Hii inasaidia kwa sababu "get" lenyewe limebeba maana nyepesi mno. Jirani yake ndiye anayeamua. Kamusi hukupa orodha ndefu, na ukiisoma yote utasahau sentensi ilihusu nini. Mbinu hukwama "get" linaposhikamana na kineno kidogo: "get along" ni kuelewana, "get by" ni kusukuma siku, "get over" ni kupona ugonjwa au machungu. Hizo zikariri nzima nzima. Na "I get it" ina ujanja wake: mara nyingi mtu hajapata kitu chochote, ameelewa tu.