Barua pepe ya ofisi imegoma nyumbani? Usianze na nywila

Barua pepe ya ofisi ikigoma nyumbani, wengi hukimbilia kubadili nywila. Hapo ndipo mambo huharibika. Simu na tableti bado zina nywila ya zamani, kwa hiyo zinaendelea kubisha hodi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua za ofisi, kila baada ya dakika chache. Seva inahesabu makosa, kisha inaifunga akaunti ambayo haikuwa na shida yoyote. Iache nywila kwanza. Fanya majaribio mawili, hayamalizi dakika tano.

Kwanza, weka kando programu ya barua, Outlook au Thunderbird, ufungue barua kwenye kivinjari. Ofisi inayotumia Microsoft 365, andika outlook.office.com. Ya Google, mail.google.com. Iliyokodi seva yenye cPanel (programu ya kusimamia tovuti na barua), andika jina la tovuti ya ofisi likifuatiwa na /webmail. Pili, zima Wi-Fi kwenye simu, washa bando, fungua ukurasa uleule. Sasa linganisha majibu.

Kivinjari kinafungua, programu ndiyo imegoma

Intaneti ni nzima na nywila ni sahihi. Kilichobaki ni mipangilio. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti utazame sehemu ya jina la seva. Ukikuta tarakimu zinazoanza na 192.168 au na 10 kisha nukta, umemkamata mwizi: hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi, na nje ya jengo lile haifiki popote isipokuwa kwa VPN, programu inayokuunganisha na mtandao wa ofisi ukiwa nje. Aliyepanga laptop aliipanga akiwa ofisini, ikakubali, ikaachwa hivyo. Weka jina kamili la seva badala yake. Kwenye cPanel mara nyingi ni neno mail, nukta, kisha jina la tovuti ya ofisi.

Kisha kagua poti, yaani namba ya mlango wa seva ambao barua hupitia. Kupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva) ni 993 yenye SSL (ulinzi wa mawasiliano). Kutuma ni 587 yenye STARTTLS (ulinzi wa aina hiyohiyo), au 465 yenye SSL. Jina la mtumiaji liwe anwani nzima pamoja na @ na kinachofuata. Seva nyingi hazikubali jina la kwanza peke yake.

Barua zikiingia lakini hazitoki, tazama kama poti ya kutuma ni 25. Kampuni nyingi za intaneti huifunga poti hiyo kwa wateja wa nyumbani ili kuzuia barua taka, na ndiyo maana ofisini ilikubali ila kwako inakataa. Hamia 587, na uweke alama kwenye kisanduku kinachosema seva ya kutuma inahitaji uthibitisho. Alama hiyo husahaulika sana. Kosa namba 535 maana yake seva imekataa jina au nywila. 552 mara nyingi ni kisanduku kilichojaa au kiambatisho kikubwa kupita kiasi.

Outlook inayouliza nywila tena na tena ilhali ni sahihi ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni nywila ya zamani iliyohifadhiwa na Windows: fungua Control Panel, ingia Credential Manager, futa zinazohusu barua ya ofisi, kisha fungua Outlook upya. Ya pili ni umri wa programu. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa nywila tupu kwenye Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft 365, na Outlook 2010 haiwezi njia mpya. Hapo hata ukiandika nywila mara mia haikubali. Tumia kivinjari mpaka upate toleo jipya. Kwenye simu ya zamani, futa akaunti uiongeze upya.

Bando linafungua, Wi-Fi ya nyumbani haifungui

Mara nyingi seva imeifungia anwani ya IP ya nyumba yako, yaani namba inayotambulisha intaneti yako. Seva za cPanel hufanya hivyo nywila mbovu zikijaribiwa mara nyingi kutoka sehemu moja, na mkosaji mara nyingi ni simu ya zamani iliyoachwa kabatini ikiwa bado imeunganishwa na Wi-Fi. Itafute, futa akaunti hiyo ndani yake. Kisha andika kwenye Google “my IP address” ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti mojawapo inayokuonyesha namba hiyo, inakili, umtumie mtu wa IT aifungulie. Kuzima ruta kunaweza kukupa anwani nyingine, lakini kama ile simu bado inabisha, jioni utafungiwa tena.

Haifunguki popote

Waulize wenzako. Kama nao wamekwama na tovuti ya ofisi haifunguki, huenda jina la tovuti halikulipiwa ada ya mwaka, na hakuna utakachorekebisha nyumbani. Kama ni wewe peke yako, akaunti imefungwa au nywila imekwisha muda. Sasa ndipo nywila inaguswa: ondoa akaunti kwenye vifaa vyote, badili nywila kupitia kivinjari, au kwa msaada wa IT kikikataa, halafu rudisha kifaa kimoja kimoja.

Usisahau saa

Saa isiyo sahihi huzuia mambo mawili. Namba sita za programu ya uthibitisho (ile ya simu inayotoa namba za kuingilia pamoja na nywila) hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu. Saa ikipotea, namba zote zinakataliwa. Weka saa ijipange yenyewe. Kwenye kompyuta, tarehe ikirudi nyuma miaka, kivinjari hulalamikia cheti cha usalama. Kompyuta ya mezani inayopoteza tarehe kila umeme ukikatika imeishiwa betri ya ndani, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Ibadilishe, panga tarehe, na onyo litaondoka.

Ukibadili simu, usiifute ya zamani kabla ya kuhamisha programu ya uthibitisho, la sivyo itabidi IT wakusajili upya.

Ujumbe wa kumwandikia mtu wa IT

“Haifunguki” haimsaidii. Andika hivi: “Leo saa 2:40 asubuhi, Outlook kwenye laptop inatoa kosa 535. Kwenye kivinjari inafunguka. Kwa bando inafunguka, na kwa Wi-Fi ya nyumbani pia. IP yangu ni hii.” Ambatisha picha ya skrini yenye ujumbe mzima wa kosa. Nywila usiitume kamwe, wala namba sita za uthibitisho, hata kwa anayejitambulisha kuwa IT. Na barua ikikwambia kisanduku kimejaa, bonyeza hapa uingie upya, usibonyeze; andika anwani ya barua mwenyewe kwenye kivinjari uone kama kweli kimejaa.